Barua ya wazi kwa wakuu wa usafiri wa anga: kibali cha ndege ya miamvuli kikaguliwe penye ndege, si mezani

Kwa Wakurugenzi Wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za Kenya, Tanzania na Uganda.

Nakala kwa CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa usalama wa usafiri wa anga, Entebbe, na kwa wenye vituo vya miamvuli pamoja na wenye ndege wanaowakodishia.

Waheshimiwa,

Salaam. Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi ya kupandisha warukaji wa miamvuli: marubani, mafundi na wakufunzi. Tuna ombi moja. Anayepewa ruhusa ya kupandisha warukaji apewe kibali kinachomtazama rubani, ndege na mzigo kwa pamoja, na kibali hicho kikaguliwe pale ndege ilipoegeshwa, siku ya kazi, kabla injini haijawashwa.

Leo mambo hayo matatu hukaa katika mafaili matatu. Leseni ya rubani iko mfukoni mwake. Vyeti vya ndege viko kwenye mkoba nyuma ya kiti. Ruhusa ya kurusha watu juu ya eneo fulani iko ofisini kwa mwenye kituo. Kila karatasi inaweza kuwa safi ikisomwa peke yake, na bado safari ikawa haramu na ya hatari, kwa kuwa hakuna aliyezisoma zote tatu kwa mara moja. Na huku kwetu kazi hii si ndogo tena. Diani watalii wanaruka juu ya ufuo, na kiwanja cha Ukunda hicho hicho kinapokea ndege za abiria za ratiba kutoka Nairobi. Mgeni anayelipia mruko wa tandemu, yaani kuruka akiwa amefungwa pamoja na mkufunzi, hana njia ya kujua kama rubani wake ameruhusiwa kufanya kazi ile. Anawategemea nyinyi.

Tuanze na rubani. Tarehe 27 Julai 2018, huko Bouloc-en-Quercy, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ndege ya Pilatus PC-6 iliwatoa warukaji kwenye kama futi 14,000. Miongoni mwao walikuwamo waliovaa suti za mabawa, zenye kitambaa kati ya mikono na miguu kinachomfanya mtu apae mbele. Sekunde kama 20 baadaye, ndege ikiwa inashuka, bawa lake la kushoto lilimgonga mmoja wao akafa. Mwaka 2024 mahakama ya Montauban ilimhukumu rubani kifungo cha miezi 12 kilichoahirishwa, na chama kilichoendesha kituo kikatozwa faini ya euro 20,000, nusu yake ikiahirishwa. Kesini ilielezwa kwamba siku ile leseni ya rubani haikuwa halali, kwa sababu alikuwa amekiuka sharti la kiafya alilowekewa.

Wapo watakaosema sharti la afya halina uhusiano na njia ya kushukia. Kwetu yana uhusiano wa karibu, maana yote mawili huulizwa saa ile ile: asubuhi, kabla ya safari ya kwanza. Kituo chenye mazoea ya kumuuliza rubani cheti chake cha afya ndicho chenye mazoea ya kumuuliza atashukia upande gani. Na njia ya kushukia si jambo la kubahatisha. Mrukaji wa kawaida huporomoka kwa karibu kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo muda mfupi baada ya kutoka yuko chini sana ya ndege. Mwenye suti ya mabawa hushuka kwa sehemu ndogo tu ya mwendo huo, huku akisonga mbele kwa kasi, mara nyingi kuelekea kule kule ndege inakoelekea. Rubani wa ndege ya injini ya tabaini, inayoweza kushuka kwa kasi kubwa, akiinamisha pua mara tu mtu wa mwisho anapotoka, anaweza kumfikia mtu huyo kabla hajajua yuko wapi. Dawa yake ni maelezo ya dakika tatu chini: nani anaruka na suti, anakata kona upande gani, na ndege itashukia upande wa pili. Yaandikwe kwenye karatasi ya safari, na rubani atie sahihi.

Sasa cheti chenyewe. Mkaguzi anayetazama tarehe tu hajakagua. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani binafsi haimruhusu mwenyewe kulipwa, kwa hiyo wa kwanza kuondoka ni yule "anayesaidia tu mwishoni mwa wiki" huku akipewa bahasha. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha Daraja la 1. Kwa kawaida kinadumu miezi 12, lakini hupungua hadi miezi 6 akifikisha miaka 60, na hupungua vivyo hivyo kuanzia miaka 40 kwa anayebeba abiria kibiashara akiwa rubani peke yake. Kisha yasomwe masharti. Lipo sharti la kuruka na rubani mwenza tu, hupewa mtu ambaye madaktari wanahofia anaweza kupoteza fahamu ghafla. Katika shirika kubwa la ndege, mwenye sharti hilo anafanya kazi kihalali kabisa. Katika Cessna 206 au Caravan ya miamvuli, ambako rubani yuko peke yake mbele na warukaji wamekaa sakafuni nyuma yake, sharti hilo hilo linamfungia mlango. Cheti ni kile kile, tarehe ni nzuri, na bado haruhusiwi. Kosa la namna hii halionekani mezani, kwa sababu mezani hakuna anayeuliza ni ndege gani.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ni uzito na mahali ulipo. Ndege ya abiria hupimwa mara moja kabla ya kuondoka na watu hukaa wamefungwa mikanda mpaka itue. Ndege ya miamvuli hubadilika ikiwa angani. Watu husimama, husogea nyuma kuelekea mlangoni, na wengine hutoka nje wakasimama kwenye kikanyagio, wakikinga upepo unaotakiwa kufika mkiani. Wakati huo huo rubani amepunguza mwendo makusudi ili waweze kutoka. Yaani ndege huwa nzito mkiani pale pale inapokuwa na mwendo mdogo kuliko wakati wowote wa safari.

Tuchukue hesabu ya Cessna 206 yenye kikomo cha kilo 1,633. Tuseme ndege tupu, iliyoondolewa viti, ina kilo 930. Rubani 85, mwavuli wake wa dharura 8. Petroli lita 150, kwa kilo 0.72 kila lita, ni kilo 108. Jozi mbili za tandemu: mkufunzi 80, mgeni 80, vifaa 25, jumla 185 kila jozi, yaani 370. Mpiga picha na mwavuli wake 92. Jumla kuu ni 1,593, na akiba iliyobaki ni kilo 40. Sasa wageni wawili wawe na kilo 100 kila mmoja badala ya 80. Akiba yote imekwisha, na hakuna aliyeongeza hata mtu mmoja. Ndiyo maana tunasema mgeni apandishwe kwenye mizani akiwa na nguo na viatu vyake. Kumuuliza uzito wake ni kumwomba akadirie, na watu hukadiria kwa kujipunguzia.

Hapo ni uzito tu. Jozi moja na mpiga picha, jumla kilo 277, wakisogea mita moja nyuma, kitovu cha uzito cha ndege hiyo ya kilo 1,593, yaani mahali ambapo uzito wake wote husawazika, kinarudi nyuma kwa sentimita 17. Katika ndege ndogo za aina hii nafasi nzima kati ya mpaka wa mbele na mpaka wa nyuma wa kitovu hicho, ndege ikiwa imejaa, haizidi sana sentimita 18. Ndege iliyoondoka kiwanjani ikiwa katikati ya mipaka inaweza kuwa nje ya mpaka wa nyuma kabla mtu wa kwanza hajaruka. Rubani anahisi usukani umekuwa mwepesi, anadhani hali ni nzuri, kumbe wepesi huo ndio onyo. Mwendo ukipungua kidogo zaidi bawa huacha kubeba, upande mmoja hutangulia kuanguka, na ndege iliyolemewa mkiani haikubali kuinamisha pua hata usukani usukumwe mpaka mwisho.

Hatubuni hatari hii. Fox Glacier, New Zealand, tarehe 4 Septemba 2010: ndege ya Fletcher iliyokuwa ya kilimo ikageuzwa ya miamvuli ilianguka mara tu baada ya kuondoka, watu wote 9 wakafa. Uchunguzi uligundua kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya mpaka, na hesabu za uzito hazikufanywa ipasavyo kabla ndege haijaingizwa kazini. Umeå, Sweden, tarehe 14 Julai 2019: GA8 Airvan ikiwa juu, katika hatua ya kujiandaa kutoa watu, ilipoteza mwendo, ikatoka mikononi mwa rubani na kuvunjika angani. Wote 9 walikufa. Wachunguzi walitaja mkia mzito, hali ya hewa, na mzigo wa kazi uliozidi uzoefu wa rubani. Kisiwani Oahu, Hawaii, tarehe 21 Juni 2019: King Air ilianguka kiwanjani Dillingham na kuua watu 11. Rubani aliinua ndege kwa nguvu na kuikunja vikali akiwa chini sana. Kitovu cha uzito kilikuwa karibu na mpaka wa nyuma, bawa la kushoto lilikuwa limepinda bila mtu kulitengeneza, na tume ya uchunguzi ya Marekani ikataja wazi kwamba mfumo wa serikali wa kusimamia ndege za miamvuli haukutosha.

Tunaomba msome mara mbili habari ya bawa hilo. Ndege ile ile ilipata ajali California mwaka 2016: ilizunguka angani ikiwa na warukaji ndani, ikapoteza kipande cha mkia, warukaji wakaruka na rubani akafanikiwa kuitua. Ilitengenezwa, ikarudi kazini, na bawa lililopinda likapita kwenye kila ukaguzi uliofuata mpaka siku ya msiba. Makaratasi yake yalikuwa yanaruhusu iruke.

Tunachoomba hapa ni chepesi kutekeleza. Kila ndege ya miamvuli iwe na jedwali lake la mizigo lenye mistari mitatu kwa kila mpangilio wa watu: kuondoka, kutoa warukaji, na kutua ikiwa tupu. Sakafuni uchorwe mstari wa rangi, na ijulikane ni watu wangapi tu wanaoruhusiwa kuwa nyuma ya mstari huo kwa wakati mmoja. Idadi itoke kwenye hesabu ya ndege hiyo hiyo, isinakiliwe kutoka kwa jirani. Rubani aandike mwendo wa chini kabisa wa kutolea watu na aubandike mbele ya macho yake. Warukaji nao wafundishwe amri moja ya dharura kabla ya kupanda: rubani akiitoa, walio mlangoni watoke na walio ndani warudi mbele mara moja. Rubani mpya asipandishe watu peke yake mpaka aliyebobea katika kazi hii amekaa naye na kutia sahihi, baada ya kumwona akiruka polepole na mkia mzito, akitambua dalili na kujitoa. Saa elfu za kubeba watalii kwenda mbugani hazimfundishi mtu hilo.

Na hapa tuseme neno kuhusu Caravan, kwa sababu ndiyo ndege inayojulikana na kila kiwanja cha vumbi katika nchi zetu, na ndiyo itakayogeuzwa kazi mara nyingi. Kung'oa viti na kuweka mlango wa kukunjwa si kazi ya kufagia. Ndege ikiondolewa viti imekuwa ndege nyingine kwa hesabu: uzito wake mtupu umebadilika na kitovu chake kimehama, kwa hiyo ipimwe upya na karatasi ya uzito iandikwe upya na mwenye mamlaka ya kufanya hivyo. Kuruka bila mlango, au na mlango unaofunguliwa angani, kunahitaji idhini ya maandishi inayotaja aina na namba ya ndege hiyo, pamoja na masharti yake: kikomo cha mwendo, mikanda ya sakafuni, mara nyingine rubani kuvaa mwavuli. Idhini ya ndege nyingine ya aina hiyo hiyo haitoshi. Asubuhi watalii, jioni warukaji, kesho watalii tena: kila mgeuzo uandikwe kwenye kitabu cha ndege na fundi aliyeufanya. Pasipo maandishi, mkaguzi ajue kuwa karatasi ya uzito iliyomo ni ya ndege ya jana.

Mikanda inadharauliwa kuliko kitu chochote. Sullivan, Missouri, tarehe 29 Julai 2006, injini ya kulia ya Twin Otter ilishindwa baada ya kuondoka na ndege ikaanguka. Waliokufa ni 6 kati ya 8, na wachunguzi walisema mikanda bora ingepunguza madhara. Mtu asiyefungwa sakafuni hurushwa mbele akawaumiza wenzake na kumgandamiza rubani. Kwa hiyo idadi ya watu isizidi idadi ya mikanda iliyofungwa kwenye fremu ya ndege. Mikanda ivaliwe kuanzia injini inapowashwa hadi urefu ambao mtu anaweza kutoka na mwavuli ukafunguka salama, ambao vituo vingi huuweka kwenye futi 1,500 hivi. Juu ya hapo mikanda ifunguliwe na ikunjwe, isije ikanasa mpini wa mwavuli wa mtu.

Mafuta. Ndege hizi huondoka na mafuta machache ili zibebe watu wengi, kisha hushuka kwa mwinamo mkali na kona kali. Mafuta machache yakimiminikia upande mmoja wa tangi, mdomo wa bomba hubaki wazi, huvuta hewa, na injini huzima ilhali tangi halijaisha. Kipimo cha kioo mbele ya rubani hakiaminiki kwenye kiwango cha chini. Tumia kijiti cha kupimia, andika lita, na uwepo mstari usiovukwa: mafuta ya safari moja kamili pamoja na akiba ya dakika 30. Kama safari moja inakula lita 30 na injini inakula lita 60 kwa saa, basi chini ya lita 60 zinazotumika ndege haiondoki, hata kama jua linazama na wageni wa mwisho wameshalipa.

Kuhusu anga hatuna mengi. Notamu, yaani tangazo la tahadhari kwa marubani, itolewe mapema, na rubani awasiliane na waongozaji angalau dakika 5 kabla ya mtu wa kwanza kutoka, tena mtu wa mwisho akishatoka. Mlango usifunguliwe ikiwa hajajibiwa. Mahali kama Ukunda, lazima kuwe na makubaliano ya maandishi na waongozaji yanayosema nani anasubiri ndege ya ratiba ikiwa karibu. Pwani, kibali kitaje pia upepo. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi mahali pa kutolea watu si pamoja: upepo wa noti 20 kwa sekunde 60 za kuporomoka humsogeza mtu karibu mita 600, na hiyo ni kabla mwavuli haujafunguka. Penye bahari karibu, vifaa vya kuelea na boti iliyo tayari viwe sharti la kibali.

Waheshimiwa, mwaka 2008 tume ya uchunguzi ya Marekani ilichapisha ripoti maalumu juu ya ndege za miamvuli. Ilihesabu ajali 32 tangu 1980 zilizoua watu 172, wengi wao warukaji. Ilichokuta ni matengenezo mabovu, marubani kushindwa mambo ya msingi kama ukaguzi wa ndege kabla ya kuondoka na hesabu za uzito, na usimamizi hafifu wa serikali. Miaka 11 baadaye Dillingham ikarudia yote matatu. New Zealand, kwa upande wake, iliingiza mwaka 2011 kanuni ya safari za angani za burudani, inayomtaka mwendeshaji awe na cheti chake mwenyewe, na mfumo wake mzima ukaguliwe. Njia hiyo tunaiona inatufaa, kwa kuwa nchi zetu bado zina vituo vichache na kuvipanga sasa ni kazi ya miezi.

Hivyo tunaomba: kibali kimoja cha mwendeshaji wa ndege za miamvuli, kinachotaja kwa majina marubani na kwa namba za usajili ndege zinazohusika. Karatasi moja ya safari inayojazwa kabla ya kila kuondoka, yenye uzito halisi wa kila mtu, lita za mafuta, mstari wa kitovu wakati wa kutoa watu na njia ya kushukia, nakala moja ibaki chini. Kituo kiteue mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha safari asiyelipwa kwa idadi ya safari, maana rubani anayelipwa kwa kila mzigo amewekwa kwenye mizani na njaa yake. Wakaguzi wenu waje bila taarifa, wikendi, saa ambayo foleni ya wageni ni ndefu. Waombe leseni, wasome masharti ya afya, wahesabu mikanda, wachovye kijiti kwenye tangi, wampandishe mgeni mmoja kwenye mizani na kulinganisha na kilichoandikwa. Ukaguzi huo hauchukui hata nusu saa.

Sisi wenyewe tuko tayari kukaa na maofisa wenu kutengeneza jedwali la mizigo la mfano kwa Cessna 182, 206 na Caravan, na kuwafundisha wakaguzi jinsi ya kulisoma. Tunapendekeza kazi ianze na Caravan, kabla ya msimu ujao wa wageni wengi.

Wenu katika kazi,

Marubani, mafundi na wakufunzi wa miamvuli